Salfa Kwenye Kikaango

Kila mwaka nikifika kwenye somo la kiwango cha kuyeyuka, naandika ubaoni elementi mbili, chuma na salfa, kisha nageukia dirishani kidogo. Wanafunzi wangu hudhani nawasubiri wanakili.

Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi kijijini kwetu Milola likizo, kichwa kimejaa kiburi. Mikorosho ilikuwa imeanza kuchanua na ubwiriunga umeshaingia, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Salfa ya kuupulizia, iliyobaki msimu uliopita, ilikuwa imevujiwa na mvua ikaganda mabonge. Baba alitandika turubai ili aianike, lakini wingu lilikuwa limefunga siku ya tatu.

"Baba, tuikaange tu," nikamwambia. "Kikaango ni chuma, na chuma ni elementi. Salfa nayo ni elementi. Moto hautaifanya kitu."

Akanitazama. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Sikuwa nimesoma, nilikuwa nimekariri. Atomi za chuma zimeshikana zote kwa zote, ndiyo maana moto wa kuni hauwezi kuziachanisha. Za salfa hukamatana nane nane, zikafanya molekuli moja ngumu. Lakini molekuli na mwenzake huvutana kinyonge, na joto dogo tu linatosha kuzitenganisha. Hatukukoroga sana, salfa ikawa maji ya manjano kama asali. Halafu ikashika moto, wa buluu, hafifu, na moshi ukajaa jikoni. Paa lilikuwa la makuti. Baba akakibeba kile kikaango mpaka nje, uso wake juu ya moshi, akikohoa.

Kifua chake hakikupona. Majirani walipouliza, alisema ni ujinga wake mwenyewe. Nami nikanyamaza, miaka kumi na tisa, na kila nilipomwambia shikamoo niliona aibu.

Mwaka jana, alipokuwa hawezi tena kufika shambani, nilikaa mkekani pembeni yake nikamwomba radhi. Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza.

"Radhi nilishakupa siku ile ile," alisema. "Harufu niliisikia mapema, mwanangu. Salfa naijua tangu hujazaliwa."

"Sasa mbona hukuiepua?"

Alivuta pumzi kwa shida.

"Nilisema moyoni, nikiiepua, hutanifundisha tena."