Mwanzilishi wa Kumi

Muuguzi mstaafu wa kata ya Chanji husugua mikono hadi viwikoni kila kikao cha klabu ya wanawake wataalamu kinapofunguliwa, kama anayekwenda kuzalisha. Mwenyekiti, ambaye ni wakili, husoma historia ya klabu: “Waanzilishi tisa.”

Muuguzi hurukia, mabega yakimcheza kwa kicheko: “Kumi! Na wewe je? Mama yako alishikwa uchungu tukiwa kwenye ajenda ya pili ya kikao cha kwanza, nikakudaka juu ya meza hiyo hiyo!”

“Lakini mama, sikusaini mahudhurio.”

“Ulilia! Sote tisa tulikusikia!”

Watu huvunjika mbavu. Jumamosi hii, klabu ikitimiza miaka thelathini na tano, muuguzi alikuwa ameshanyanyuka, mdomo wazi, wakili aliposoma taratibu: “Waanzilishi kumi.” Ukumbi ukalipuka vigelegele. Mabega ya muuguzi yakacheza kama kawaida, ila safari hii mikono ilimfunika uso.