Kicheko cha Kisimani

Mtani wangu alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo, Mwislamu, mjukuu wa mpagazi wa Kizaramo aliyetua mzigo Tabora asirudi tena pwani. Mimi ni Mnyamwezi, Mkristo, na wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Babu zetu walitaniana katika njia ya misafara, nasi tukarithi matusi yao. Nikipita barazani kwake husimamisha cherehani na kupaza sauti, "Mtumwa wangu, nani kakupa ruhusa ya kupita?" Nami hujibu, "Babu yako alitoroka na mzigo wa nani?" Wageni walidhani tunagombana.

Miaka michache baada ya vita kuu ya pili, alikuja Mzungu mwenye kamera. Alitaka kutengeneza sinema ya Yusufu kwa kutumia watu wetu na njia yetu ile ile ya zamani. Mimi nikawa mkalimani wake. Nilipompelekea mtani habari kwamba anatakiwa awe Yakobo, alikataa hapo hapo.

"Huyo ni nabii. Sina uso wa kuigiza nabii."

Lakini katika kitabu chake, Kurani, yumo msafiri mteka maji aliyeshusha ndoo kisimani akamwona kijana, akafurahi. Huyo alikubali kuwa. Katika kitabu chetu mwenye ndoo hatajwi, ila Mzungu alisema sinema ina ruhusa ya kujaza mahali palipoachwa wazi, akaniahidi kwamba mteka maji atamtoa Yusufu kisimani, basi.

"Nitamtoa kisimani tu?" mtani aliniuliza. "Hakuna lingine?"

"Hakuna lingine."

"Kwa heshima yako?"

"Kwa heshima yangu, mtumwa wangu."

Akacheka, na kanzu ya Yusufu akaishona yeye mwenyewe, ya milia.

Siku ya kupiga picha alivuta kamba kwa uso mkavu kama mtu aliye msibani. Mzungu akaniambia nimfurahishe. Nikasimama kando ya kamera, nikapiga kelele, "Vuta polepole, mtani! Huyo ni babu yako, kajificha humo na mzigo wa watu!" Alicheka mpaka pengo lake likaonekana, nusura amwachie Yusufu arudi chini.

Filamu ilipelekwa Ulaya kusafishwa na kuungwa. Iliporudi, shuka jeupe lilitundikwa kwenye uwanja wa mpira, nami nikapewa maneno ya kusoma kwenye kipaza sauti. Sentensi moja ilisema, "Mfanyabiashara wa watumwa akacheka, maana aliiona faida yake." Nilidhani huyo amepigwa picha mahali pengine. Sikuuliza.

Mtani alikuja na mkewe na watoto, kanzu yake imepigwa pasi ikakaza, wakaketi mbele kabisa.

Kwenye shuka tuliona mikono ikipokea fedha. Kisha miguu yenye minyororo, ambayo sikuwahi kuiona Tabora siku zile za kupiga picha. Kisha uso wa mtani wangu, peke yake, akicheka. Kamba haipo, ndoo haipo, kisima hakipo. Mzungu akanigusa bega. "Soma."

Nikasoma.

Kijana mmoja akapiga mbinja. "Huyo si fundi wa Ng'ambo?"

"Kumbe ndiyo iliyokuwa kazi ya wazee wao wa pwani!" mwanamke akaitikia nyuma yake, na watu wakaguna.

Katika mji wetu, ambako minyororo ya kweli ilipita, maneno hayo si mzaha. Nilimwona mkewe akimshika mtoto mkono. Wakaondoka wote kabla Yusufu hajafika Misri.

Nilimkabili Mzungu akikunja nyaya zake. Hakukasirika. Alisema kicheko kile kilikuwa kizuri mno kukipoteza. "Biblia inasema aliuzwa. Haisemi mnunuzi alinuna."

Kwa miaka mingi nilimchukia mtu yule, na hadi leo naona alinisaliti, maana ahadi niliyoipeleka Ng'ambo ilitoka kinywani mwake. Lakini yeye hakunifumbua mdomo. Ningeweza kunyamaza, shuka likacheka bila maneno. Nilipenda sauti yangu isikike uwanja mzima.

Asubuhi nilikwenda barazani. Mtani aliinuka.

"Karibu, mwalimu."

Hakuwahi kuniita mwalimu. Nikamweleza habari za Ulaya na kuunga filamu. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Huyo Mzungu simjui," alisema. "Aliyenichekesha ni wewe. Na ile sauti ilikuwa yako."

Mwaka uliofuata nilifiwa na mama. Kwetu, mtani ndiye huharibu kilio: huingia kaburini akagoma kutoka, hupokonya jembe, humtukana marehemu mpaka wafiwa wanacheka. Niliacha jembe moja ukingoni mwa kaburi, mahali ambapo asingeweza kutoliona.

Alikuja. Akaliokota, akalipangusa udongo kwa kiganja, akampa mchimbaji.

"Pole sana, mwalimu," akaniambia, akaenda kuketi na watu wengine.