Dhoruba Niliyoipanga Mezani

Walisema sitaweza. Nilipoteremka Kigoma na stashahada yangu ya ufundi wa majokofu, niliyoisomea ughaibuni kwa kuosha vyombo vya watu, hakuna aliyeibishia stashahada. Walichobishia ni kile kifuko cha dadu. Walisema mtu mzima hawezi kukaa kibarazani Bangwe akawaambia wavuvi kwamba wao ni mashujaa na kwamba nyuma ya mwamba ule kuna joka. Binamu yangu aliniambia wazi kwamba watu wa ziwa watainywa kahawa yangu, watanicheka, kisha watakwenda zao. Leo wewe, mwanangu, umekuja kuniazima dadu hizo hizo ili Jumamosi uongoze meza yako ya kwanza. Kahawa waliinywa kweli. Kwenda zao hawakwenda.

Dadu nitakupa. Ila kaa kwanza, nikusimulie siku moja ninayoikumbuka kuliko siku zote nilizopigiwa makofi, na si chache.

Ziwa letu unalijua. Mbalamwezi ikiwa kubwa, dagaa hawafuati taa, na maboti ya ufukweni Kibirizi yanapumzika. Siku hizo mvuvi hushona nyavu, hulala, au hugombana na mkewe. Mimi nikazichukua alasiri zao. Tulikaa kibarazani kwa Shangazi Mwajuma, dada wa marehemu baba yangu, aliyenipa chumba niliporudi. Mimi nilikuwa mwendesha mchezo: nasimulia mahali na hatari iliyopo, kila mchezaji anasema mtu wake wa hadithini atafanya nini, na dadu inaamua kama amefaulu. Mwanzoni niliwapeleka kwenye theluji na makasri kama nilivyofundishwa huko nilikotoka. Wakaniuliza hiyo theluji kilo inauzwaje. Mimi si mtu wa kuambiwa mara mbili, nikawahamishia kwenye ziwa lenye visiwa vinavyohama na joka linalokula taa. Tangu hapo hakuna aliyechelewa kufika.

Walikuwa watatu. Mama Tatu, mchuuzi wa dagaa, alikuwa mchawi hadithini, na kila jini tuliyekutana naye, yeye alitaka kwanza wapatane bei. Nahodha Hamisi, mtu wa Ujiji, mwenye boti na mwenye sauti, alikuwa mpiga upanga. Wa tatu ni Ezekieli, kijana wa wazazi waliotoka Burundi, baharia katika boti la huyo huyo Hamisi. Alikuwa mpole, mkewe ndiyo kwanza amejifungua, na chakula cha nyumba ile kilitoka kwenye fungu lake la samaki na si kwingine.

Sasa sikiliza desturi, maana bila hiyo hutaona ubaya ulikuwa wapi. Boti likishatoka mwaloni, pale ufukweni linapoegeshwa, amri ya nahodha haijibiwi. Akisema vuta, unavuta. Akikosea, mtazungumza nchi kavu, na nchi kavu watu huwa wamechoka, hawazungumzi.

Siku hiyo niliwapa meli kubwa, nikasema dadu itachagua nahodha wake. Ikamwangukia Ezekieli. Hamisi akapata kasia. Tulicheka mpaka Shangazi akachungulia dirishani. Mama Tatu akamwambia, "Nahodha, leo utajua mgongo wa mwenzio unavyouma." Hamisi naye alicheka, akavua kofia, akamsalimia Ezekieli kwa heshima zote kama mtu aliyefika mbele ya mfalme.

Kisha nikaleta dhoruba.

Mwanangu, dhoruba ile haikutoka kichwani mwangu. Wiki chache nyuma yake, nikimtengenezea Ezekieli redio, alinisimulia kwa sauti ya chini safari moja iliyowatia hofu. Mawingu yalisimama upande wa Kongo, mabaharia wote waliyaona, na Hamisi akaamuru waendelee. Walirudi wazima kwa rehema ya Mungu tu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nilikuwa nimechoteshwa. Nikaichukua siri ile nikaimwaga mezani, mawingu yale yale, upande ule ule, kwa sababu nilijua hadithi itapata moto. Mimi ni msimulizi mzuri. Hilo hata wabaya wangu hawakatai.

Hamisi, kwa mazoea, akainuka, akagonga meza akasema tusonge mbele, hayo mawingu ya kupita tu. Ezekieli akamtazama. Sijawahi kumwona mtu mpole akikaza macho vile.

"Kaa chini, mpiga kasia," akasema. "Nahodha ni mimi, na tunageuza. Ile siku ulitupeleka, na uliogopa kama sisi. Tulikuona."

Hakuna aliyecheka. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Hamisi alivaa kofia yake, akamshukuru Shangazi kwa kahawa, akaondoka taratibu. Kesho yake asubuhi alimtuma mtu kwa Ezekieli: atafute boti lingine. Mbalamwezi ilikuwa inapungua, maboti yanajiandaa kutoka, na kila boti lilikuwa limekwisha kupata watu wake. Baharia anayeachwa wakati huo hukaa ufukweni akihesabu mawimbi, na mtoto mchanga hanyonyi mawimbi.

Na mimi je? Nilikuwa na furaha. Mchana huo, habari ikiwa imekwisha kutufikia, nilimwendea Shangazi jikoni nikimweleza jinsi mchezo wangu ulivyowatoa watu ukweli wa moyoni, kwamba hata kule nilikojifunzia sikuona meza iliyofika pale. Alikuwa anakoroga mawese kwenye maharage. Hakunitazama.

"Umemaliza?" akaniuliza.

Nikasema nimemaliza.

"Ulimpa mtoto wa watu unahodha wa hadithi, akautumia mbele ya anayemlisha. Hadithi imekwisha, unahodha haupo. Hamisi yupo. Wewe umekuja kuomba sifa, na yule binti mwenye kichanga leo anapika nini?"

Nikaanza kujitetea kwamba ni mchezo tu. Akasema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na kama nina miguu ya kurudia nyumbani kutoka ng'ambo, ninayo pia ya kufika Kibirizi. Akaniongezea kwamba nisiende kumfundisha Hamisi mchezo. Niende kumwambia nilichofanya.

Nilikwenda, na njiani nilipanga maelezo mazuri sana, ya mtu aliyesoma. Nilimkuta Hamisi ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nyavu magotini, watu wake wawili karibu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, sindano yake haikusimama. Maelezo yangu mazuri yakanitoka kichwani yote, na nashukuru, kwa sababu yangemharibia Ezekieli kabisa.

Nikamwambia kwamba habari ya safari ile niliambiwa kwa siri, nami nikaipeleka mezani kwa makusudi ili mchezo unoge. Kijana hakuja kumwaibisha. Mimi ndiye niliyemsogeza mpaka ukingoni.

Alishona matundu kadhaa, akakata uzi.

"Kwa hiyo dhoruba uliipanga wewe."

"Niliipanga, Nahodha."

"Na maneno aliyosema? Hayo nayo ulimpangia?"

Hapo, mwanangu, ningeweza kudanganya. Ningesema ndiyo, nimbebee na hilo, na pengine yangeisha. Lakini ningekuwa nimemnyang'anya Ezekieli kitu pekee alichokisema kwa kinywa chake tangu nimjue. Nikasema, "Hapana. Hayo yalikuwa yake."

Hamisi akaweka nyavu chini. Akatazama ziwa, upande ule wa Kongo, nako kulikuwa kweupe. Wale watu wake wawili walijifanya hawasikii, kama watu wanavyojifanya wanaposikia kila neno.

"Basi wewe ndiye mwenye kosa," akasema. "Yeye alisema kweli, ila aliisemea mahali pabaya. Mwambie aje na koti lake. Na mwambie siku nyingine akiona mawingu aniambie nikiwa bado na nafasi ya kugeuza, asingoje mpaka apewe unahodha wa dadu."

Ezekieli alitoka na boti lile lile mbalamwezi ilipokwisha. Baadaye nilisikia kwa Mama Tatu kwamba siku moja waligeuza mapema na kurudi na ndoo chache tu, na wanunuzi wakamtania Hamisi kwamba amezeeka. Akawajibu kwamba ameambiwa na baharia wake, na kama wana neno wamwambie baharia. Mezani kwangu Hamisi hakurudi mwezi ule wala uliofuata. Aliporudi, alikaa kiti chake, akasema yeye hataki unahodha, ana wa kumtosha. Tukaendelea.

Nasaha yangu ni hii, wala usiiandike, ishike. Watu wakikaa mezani kwako wanakukabidhi zaidi ya alasiri zao. Kila mmoja anakuja na bosi wake, deni lake, msiba wake, hata kama amejiita mchawi au mfalme. Usichukue jeraha la mtu ukalitia kwenye hadithi kwa sababu litakupatia makofi. Ukiwa huna hakika, muulize pembeni kabla. Na ukimpa mnyonge nguvu mchezoni, jiulize kesho asubuhi itamkuta wapi, kisha uwepo hapo asubuhi hiyo. Joka lolote utakalolibuni, mimi nimekwisha kubuni kubwa kuliko hilo. Kuamka na kwenda Kibirizi kusema "nimekosea" ndiko kulikonigharimu, na ndiko kulikonifanya mwendesha mchezo.

Haya, shika kifuko. Mola akupe maneno yanayowakalisha watu pamoja, akupe macho ya kumwona aliyenyamaza, na kila anayekaa mezani kwako ainuke na kwenda zake akiwa mzima, apokelewe vizuri huko anakokwenda. Amina, mwanangu.