Nilijaza Kambale Kwenye Korongo Kavu

Nimekosa, tena nimekosa kwa maandishi! Maneno ya mdomo mtu anaweza kuyakana, lakini kitabu kikishatoka hukirudishi. Jina langu silitaji. Limo ndani ya kitabu chenyewe, kwenye kurasa za mwanzo, na naomba msihangaike kulitafuta.

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Dodoma mjini. Kwetu ni kijijini, upande wa Kongwa. Kuna korongo linapita na maji wakati wa masika, halafu linabaki mchanga mtupu mpaka mvua nyingine. Kiangazi mama zetu wanachimba mchanga huo, wanashuka shimoni na bakuli, wanachota maji kidogo kidogo, rangi yake kama chai ya maziwa. Maji hayo ndiyo yaliyonikuza. Msije mkasema sikujua.

Basi tukakusanywa walimu kadhaa tuandike kitabu cha marejeo: vijiji, milima na mito ya nchi, kila mahali na jina lake na hali yake. Mhariri akasema kila mmoja aanze na kwao, kwa sababu anakujua kuliko mtu mwingine, na hivyo habari za nyumbani hazitakaguliwa.

Ikafika siku ya kusomeana. Mwenzangu mmoja wa Tukuyu akasoma habari za kwao: migomba, chemchemi, maporomoko, ukungu wa asubuhi. Watu wakapiga makofi. Zamu yangu ilipofika, kabla sijafungua mdomo, yule bwana akadakia:

"Wewe Mgogo andika 'vumbi', weka nukta, utuokolee wino!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Na mimi nikacheka, utani ni utani. Lakini moyoni, wee! Tangu chuoni nilikuwa nikisimangwa kwa ukame na ombaomba. Nikasema leo watanitambua.

Nikaandika upya. Korongo nikaliita mto. Mto nikaupa maji mwaka mzima. Kisha nikaona mto usio na samaki ni aibu, nikatia kambale. Kambale peke yao wangeboreka, nikawaongezea perege. Nikaweka na bustani za mboga kingo zote mbili. Kidogo tu ningetia na kiboko, ila nikakumbuka kwamba mimi ni mtu wa ukweli.

Kitabu kilipotoka nilikipeleka kijijini kwa mbwembwe. Mwenyekiti wa kijiji alipoliona jina la kijiji limechapwa alishika kichwa kwa furaha. Hakusoma zaidi ya hapo. Alikifungia kabatini kisishikwe na mikono michafu, mimi nikapewa jogoo. Nikamla, tena bila aibu.

Haukupita muda, watu wa mradi wa visima wakaanza kuchagua vijiji vya kuchimbiwa kisima cha pampu. Kijiji jirani kimo, chetu hakimo! Kikaitishwa mkutano, watu wamefura. Mnajua waliamua nini? "Tumtume msomi wetu akatusemee." Ndiyo, mimi.

Kwenye ofisi ya mradi nilimkuta dada mmoja mtaratibu sana. Akanisikiliza, kisha akafungua kitabu. Kitabu changu.

"Mwalimu, mbona nyie mna mto? Hebu sikia: maji mwaka mzima, kambale, perege. Mimi mwenyewe nilishawaambia wenzangu twende tukavue."

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa! Lakini wakati huo nilikuwa natajwatajwa kupewa shule niiongoze, nikaona nikikiri nimekwisha. Nikasema, "Asante dada, nitawaeleza." Nikarudi kijijini nikawaambia tuvute subira, serikali ina mambo mengi. Wakanishukuru kwa kuwahangaikia. Jamani, wakanishukuru!

Kiangazi hicho hicho shimo la mchanga likamporomokea mama yangu mzazi. Lilimfukia mpaka kifuani. Wanawake wenzake walimfukua kwa mikono wakamtoa akiwa hai, lakini nyonga ilivunjika. Sasa anatembea na fimbo, na hiyo ni kutoka kitandani mpaka mlangoni.

Nilirudi ofisini mbio. "Dada, mto haupo. Hiyo habari niliiandika mimi, na ni uongo."

Akatazama kitabu, akanitazama mimi. "Kwa hiyo ulidanganya nchi nzima?"

"Ndiyo."

"Na sasa unataka mimi nikuamini?" Akafunga kitabu taratibu. "Niletee maandishi mengine yaliyochapwa, yanayopinga haya, mwalimu. Kwa mdomo tu siwezi."

Nikawakimbilia wachapishaji. Wakasema hakuna shida, watarekebisha toleo lijalo, nakala hizi zikiisha dukani. Na nani ananunua kitabu cha majina ya vijiji? Nimeanza kuvinunua mwenyewe ili viishe. Chini ya kitanda vimejaa, mke wangu anadhani nimerukwa na akili.

Ile shule wakanipa. Sikuifurahia hata siku moja.

Mwisho nikaenda kwa mama. Nikapiga magoti, nikamwambia yote, tangu kicheko cha yule bwana mpaka kimya changu pale ofisini. Mama hajui kusoma. Akasema, "Nisomee."

"Mama, yaishe tu."

"Nimesema nisomee."

Nikasoma. Mto, maji, kambale, perege, bustani kingo zote mbili. Aliningoja nimalize. Akaguna.

"Pazuri huko, baba. Bora ningeolewa huko."

Kisha akanionyesha ndoo. Tangu aumie, jirani wa watu ndiye aliyekuwa anamchotea. Nikaenda korongoni, nikashuka shimoni na bakuli, na suruali yangu ya kazini. Kina mama walipanga foleni juu wakinitazama. Mchanga ulikuwa ukidondoka mabegani mwangu na nikaogopa kwelikweli.

Hadi leo ninapoandika haya kisima hakijaja. Kila mwisho wa juma nakwenda kuchota.

Ndugu yangu unayesoma, ukipewa kalamu uandike kwenu, paandike palivyo, na ukame wake wote. Watakucheka, wacha wacheke. Sijawahi kuona mtu akivunjika nyonga kwa kuchekwa.