Wimbo wa Mguu Upawa

Siku ile naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na harusi yangu walichinjwa mbuzi wawili. Ilikuwa alasiri, uwanja wa Mtawanya, timu yetu ya kijiji inacheza na Mkongo. Wageni walikuja na lori la kubebea korosho, wanaimba toka barabarani. Sisi wanawake tulikuwa na madebe yetu na ngoma moja, tumejipanga nyuma ya goli, na mimi, Zuhura, ndiye mwanzishaji wa nyimbo. Nilikuwa sijatimiza miaka ishirini. Sauti nilikuwa nayo na mdomo nilikuwa nao. Sauti imekwenda, mdomo umebaki, na leo nitautumia, maana nimekasirika na sina haja ya kuficha.

Ngoja kwanza nikuambie kilichonikasirisha, kisha tutarudi uwanjani.

Yuko kijana wa kwetu, Idrisa, kwao njia ya Ruaruke. Amesajiliwa na timu kubwa ya Dar es Salaam na huu ni msimu wake wa pili. Anacheza kiungo, yule wa katikati anayepokea mpira kwa mabeki na kuwagawia washambuliaji. Akipotea yeye, timu nzima imepotea. Ni kazi ya mtu mzima, na yeye hata ndevu hazijamkaa sawa. Mechi hii anacheza mpaka unasimama kitini, mechi inayofuata anapoteza mipira mpaka unafunika uso kwa kanga. Anayekua ndivyo alivyo, na wewe uliyelelewa ukamwaga uji mara ngapi unalijua hilo.

Sasa nenda pale Kibiti, kwenye banda la kuonyeshea mpira la mjukuu wangu Shabani, usikilize. Mmoja anasema Idrisa ana mguu mzito. Wa pili anasema tatizo si mguu, tatizo macho, anautazama mpira badala ya kuwatazama wenzake. Wa tatu, ambaye akiinama kufunga kamba za viatu ni mpaka apumzike kwanza, anasema angekuwa kocha yeye angemrudisha timu ya vijana. Wa nne anataka aachwe, aletwe mgeni. Wiki mbili nyuma watu hao hao walikuwa wanalalamika kwamba timu ya taifa inachelewa kumwita!

Hasira yangu si kwamba wana maoni. Maoni ninayo hata mimi. Idrisa anakaa na mpira mno, na akibanwa anapenda kurudisha nyuma. Nayaona, macho yangu ya mbali bado mazima. Mtu akisema hivyo amesema mpira, na kijana akisikia atajirekebisha.

Lakini Ramadhani ilipokuwa inaelekea ukingoni, Idrisa alirudisha pasi fupi, mshambuliaji wa wapinzani akainasa, wakafungwa. Kesho yake nimekaa uani napepeta mchele, nikasikia simu ya binti wa jirani inaimba. Mdundo wa singeli, mbio mbio, na juu yake sauti ya Shabani wangu:

*Mguu upawa, Idrisa, mguu upawa,*
*Huchota kwetu, kwa wenzetu hugawa.*

Ungo ulinitoka mkononi, mchele wote chini. Wimbo ule ni wangu, mwanangu. Niliutunga mimi, nyuma ya goli, uwanja wa Mtawanya.

Haya, turudi huko. Timu yetu ilikuwa na kijana akiitwa Saidi, wa miaka kumi na minane hivi, naye kiungo vile vile. Mpira ulikuwa unamtii. Siku hiyo alikuwa amekuja bwana mmoja kutoka Dar kumtazama, amekalishwa kwenye kiti kilichotoka nyumbani kwa mwenyekiti, kofia nyeupe kichwani. Kijiji kizima kilijua amefuata nini, na Saidi alijua zaidi ya kijiji. Zikiwa zimebaki dakika chache, hakuna aliyefunga, Saidi akarudisha mpira kwa golikipa. Mvua ilikuwa imenyesha. Mpira ukanasa kwenye dimbwi, mtu wa Mkongo akauwahi, akafunga.

Mimi nikapandwa na hasira. Nikalipiga debe, nikaanzisha hapo hapo: *Mguu upawa, Saidi, mguu upawa, huchota kwetu, kule Mkongo hugawa.* Upawa unaujua, kifuu cha nazi kilichotiwa mpini, cha kuchotea mchuzi. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega, kisha wakaupokea. Hata Mkongo wakaupokea. Nikaona raha, sitakudanganya. Ukiwa na miaka ile, uwanja mzima ukiimba kilichotoka kinywani mwako, unajiona umefika.

Yule bwana wa kofia naye alicheka. Lakini alisema atarudi mechi ijayo, kwa sababu makosa kila mtu anafanya, yeye anataka kuona kijana anafanya nini baada ya kosa.

Asubuhi yake niliitwa na somo yangu, Bi Hadia, aliyenifunda unyagoni na kunifundisha hizo nyimbo na hiyo ngoma. Hakunikaribisha mkeka. Aliniuliza nimesimama.

"Zuhura, tulipokuwa ndani, kuna wimbo hata mmoja uliomtaja mtu jina?"

Nikasema hakuna. Akaniuliza kwa nini, kisha akajijibu mwenyewe.

"Mwali akikosea tunaliimba kosa, kila mmoja ajiangalie mwenyewe. Ukitia jina kwenye ngoma, kosa watu wanalisahau, anabaki mtu. Kalitoe jina la mtoto wa watu."

Nilimjibu kwamba mpira ni mpira, kesho watasahau. Nilimjibu hivyo somo yangu, nikaondoka. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu zima mpaka leo, lililovunjika ni la mwenzangu.

Maana mechi ya pili ilifika, bwana wa kofia akaja kama alivyoahidi, na Saidi alipogusa mpira wa kwanza tu, nikaanzisha. Ningeweza kuwanyamazisha wale wanawake kwa mkono mmoja. Nilianzisha mimi. Saidi akaupiga mpira nje, kama unamchoma. Wa pili akaupiga nje. Mara ya tatu mwenzake alitaka kumpa, Saidi akamgeuzia mgongo. Bwana wa kofia aliondoka kabla ya mapumziko, na mwaka haukuisha Saidi akatoweka Mtawanya. Tulisikia yuko huko delta ya Rufiji, anakata fito za mikoko. Alirudi ameshakuwa mtu mzima, ana mke na binti, na jina halikuwa limemwacha.

Sasa unajua kwa nini ungo ulinidondoka. Nilimwita Shabani nikamuuliza wimbo ameutoa wapi.

"Si ule wa watoto, bibi, wa kuruka kamba? Na huo utani tu wa soka, mbona unapaniki?"

Nikamwambia Idrisa ni mjukuu wa Saidi, mtoto wa binti yake. Akaniuliza Saidi ndiye nani. Nikamwelekeza nyumba. Akafikiri, akasema, "Aa, Mzee Upawa, yule anayefua nazi?" Mwanangu, mtoto wa watu alipewa jina na baba zake wadogo kwa dua na ubani, na mimi nililifuta kwa debe. Shabani hakukosea hata kidogo. Alikuwa anadhani ndivyo mzee anavyoitwa.

Idi ikaja na Idrisa hakuja kwao. Mama yake alisema anapiga simu analia, wimbo unamfuata mpaka mazoezini, anataka kuomba aachwe arudi Kibiti aendeshe bodaboda. Nilipolisikia hilo, Idi mosi, watu wametoka kusali, nikamshika Shabani mkono, na kanzu yake mpya, nikampeleka.

Saidi alikuwa uani, chuma cha kufulia nazi mbele yake, rundo la makumbi pembeni. Shabani akampa shikamoo. Mimi nikakaa kwenye mkeka, nikasema lililonileta. Nilisema wimbo ni wangu, niliambiwa niuache nikakataa, na sasa mjukuu wangu amemrushia mjukuu wake. Nikaomba radhi. Saidi hakusimamisha kazi mpaka nazi aliyoishika ikawa tupu. Kisha akaniuliza kama ubeti wa pili naukumbuka.

Nikamwambia, haukuwa na ubeti wa pili.

Akaukariri. Hakuimba, alisema tu, taratibu, kama mtu anayetaja mahitaji ya dukani:

*Na mama yake hana cha kupakua,*
*Mwana wa kugawa, babaye hakumjua.*

Mwanangu, baba yake Saidi alichukuliwa na mamba mtoni Rufiji akivuka kwenda shamba la mpunga, na mama yake ana mimba. Wote tulikuwa tunajua. Mimi nilijua, nikatafuta vina, nikaimba. Kisha nikaenda zangu nikaolewa, nikazaa, nikazeeka, nikasahau. Shabani alinigeukia akanitazama, na sikuwa na pa kuuweka uso.

"Wewe uliimba siku mbili, Bi Zuhura," Saidi akasema. "Mimi nnausikia mpaka leo. Radhi yangu chukua, leo Idi. Ya Idrisa mimi sina. Ni yake mwenyewe."

Shabani alimpigia simu Idrisa pale pale uani, haikupokelewa. Akapiga tena jioni, haikupokelewa. Ilipokelewa siku ya pili, akaenda kuzungumzia nyuma ya nyumba, na waliyosema sikuyauliza. Najua alirudi macho mekundu. Wimbo aliufuta kwenye simu yake, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Juzi tu nimeusikia Mtawanya, kwenye simu ya mtu asiyemjua Shabani wala Saidi.

Jumapili iliyopita nilikwenda bandani. Saidi alikuja pia, mara yake ya kwanza, tukakaa benchi moja huku nyuma kama wazee wanaosubiri kliniki. Kipindi cha pili Idrisa akaingizwa kutoka benchi. Mpira wa kwanza kaupokea, kakaa nao mno, kanyang'anywa. Nilisikia mtu aliyesimama nyuma yangu anavuta pumzi ya kuanzisha, na wengine wanacheka kabla hata hajaanza. Shabani akasimama mbele ya runinga.

"Sema alichokosea," akasema. "Jina la mtu haliimbwi humu ndani."

Mtu mmoja akaguna kwamba banda limekuwa madrasa. Hakuna aliyeimba. Shabani akaondoka mbele ya runinga, na wakati huo beki wao ana mpira, anatafuta wa kumpa. Idrisa alikuwa amebanwa na watu wawili. Akainua mkono, apewe yeye.

"Ameomba," Saidi alisema. "Mimi sikuomba tena."

Walitoka sare, na Idrisa hakufanya lolote la kusimuliwa. Alipoteza mwingine, akatoa pasi mbili nzuri, moja ikapotezwa na mwenzake. Yule wa kamba za viatu bado anasema arudishwe timu ya vijana. Basi na aseme.

Wosia wangu ni huu, mwanangu, na sitaupaka asali. Kuwa na maoni. Jezi umevaa, koo ni lako. Sema kijana anachelewesha mpira, sema hatazami kabla ya kupokea, sema kocha amemtia kati mapema, ukiwa unajua unachosema. Lakini kosa likishasemwa, liache uwanjani lilikotokea. Usilifungie jina la mtu, usimwingize mama yake, wala usijifiche kwenye kicheko cha wengi ukasema huo ni utani. Utani kwetu una watani wake na una mahali pake, na mtani akikutania leo kesho anakuchimbia kaburi la mzazi wako. Wewe Idrisa umemchimbia nini?

Na akiwepo mtu mzima wa kukuambia acha, acha siku hiyo hiyo. Bi Hadia alifariki na mimi sijamwambia kwamba alisema kweli. Nimekwenda kumwambia kaburini, na kaburi halijibu.

Mola akulinde na sifa ya kuchekesha wengi kwa aibu ya mmoja. Akupe ulimi unaojenga, na ukikosea wewe, maana utakosea, akukutanishe na watu watakaokuacha uinue mkono tena. Aibariki miguu ya Idrisa, na miguu yako, kokote itakakokupeleka. Amin.

Na ukipita njia ya Ruaruke ukamkuta mzee anafua nazi, mwamkie kwa jina lake. Anaitwa Saidi.