Maji ya Kisima kwa Silinda Nane

Magari ya Kimarekani siyapendi. Nasema hivi baada ya kulala chini ya mojawapo miaka tisa, kwenye karakana yangu ya makuti Bagamoyo, njia ya kwenda Kaole, huku oili ikinidondokea usoni. Lilikuwa gari la spoti, jekundu, milango miwili, silinda nane, usukani kushoto. Mwenyewe alikuwa mzee wa ukoo wa Kiarabu, mfanyabiashara wa mbata na vitambaa, aliyelinunua Dar es Salaam kwa Mmarekani aliyekuwa anarudi kwao.

Walilitengeneza kwa ajili ya lami. Barabara yetu ya Dar miaka ile ilikuwa mchanga na makorongo, na tumbo la gari lilikuwa karibu liguse ardhi. Safari ya kwanza lilikwama Kerege, ekzosi imebaki nyuma. Nikaliinua kwa springi za Land Rover. Likawa linakwenda limebinua makalio kama bata, watu wakacheka, lakini likafika. Vipuri havikuwapo. Gasketi nilikata kwa mkasi kutoka kwenye maboksi, kabureta nilifunga ya lori, na kila nikitengeneza huku, kule kunaharibika. Nilichoka. Kuna siku nilitamani lishike moto tupumzike sote.

Mzee hakuchoka. Nyumba zake za kupangisha zilipotaifishwa, gari likawa ndicho kitu pekee ambacho watu wakikiona walimtaja yeye.

"Fundi, hili likifa, nami nimekwisha," aliniambia, na hakuwa anatania.

Visima vya mtaani kwetu vilikuwa na chumvi. Tuliyaogea maji yake, tuliyafulia, lakini ya kunywa yalikuwa ya mvua, yaliyokingwa kwenye tangi la nyumba na kuchotwa kwa kata, tena kwa kuhesabiana. Kiangazi kimoja radieta ilianza kuvuja, nikawa naijaza kila mara. Mzee akaja na debe la maji ya mvua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Litilie haya, fundi. Ni matamu."

Nilimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. "Maji ya kunywa watu tulinyweshe gari? Dhambi hiyo, mzee. Rudisha nyumbani."

Akasita. Akasema fundi ni mimi, akaondoka na debe lake. Nikavuta ndoo kisimani, nikajaza, nikijiona nimefanya jambo la kiutu. Niliendelea hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Asubuhi moja injini ilikata roho. Nikafungua silinda hedi peke yangu. Njia za maji zilikuwa zimeziba kwa kutu na ukoko mweupe, kama sufuria ya uji iliyosahauliwa jikoni, na kwenye bloku palikuwa na ufa wa kuingia kucha. Nikagusa ule ukoko, nikalamba kidole. Chumvi tupu. Nikakaa chini. Nilikuwa nimeliua mimi, ndoo kwa ndoo.

Mzee alikuja adhuhuri, kanzu yake safi, akasimama mbali kidogo.

"Umeona nini?"

Maneno ya kweli nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi. Yalinifika mdomoni, nikaona aibu, nikayameza.

"Uzee tu, mzee. Chuma nacho huchoka."

Aliweka kiganja juu ya boneti, akalia bila sauti. Hata hapo sikumwambia. Alipomaliza kujifuta macho alinishika mkono.

"Umelihangaikia sana, mwanangu. Mwingine angelitupa zamani."

Laiti angenitukana. Ijumaa ile, watu walipokuwa wanatoka msikitini, alinisimamisha mlangoni, akainua mikono na kuniombea dua mbele yao, Mungu anizidishie umri na riziki kwa uaminifu wangu. Watu wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia.