Alama kwenye Kisanduku cha Hapana

Fomu yangu ya viza ilijazwa kwenye duka la steshenari, Kariakoo. Dada wa pale hakuanza fomu mpya kwa kila mteja. Kwenye kompyuta alifungua ya mteja aliyetangulia, akafuta majina, akaandika ya anayefuata.

Aliponipa nisaini, niliona kosa. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, lakini swali la kama nina mzazi kwenye nchi ninayoomba kwenda nililielewa. Alama ilikuwa kwenye kisanduku cha hapana. Mama yangu yuko kule mwaka wa sita sasa, na ndiye niliyekuwa naomba kumfuata.

Nikabaki nimeshika kalamu.

"Bwana mdogo, unasoma gazeti?" mzee mmoja akasema nyuma yangu. Foleni ikacheka.

"Saini, mdogo wangu, watu wanasubiri," dada akasema.

Nikasaini.

Nikanyimwa viza. Barua ilisema nimedanganya. Mama akatafuta wakili huko huko, akaomba mahakama iupitie ule uamuzi. Wakili alisema barua ya mama ya kunialika ilikuwa imeambatanishwa na fomu ile ile, kwa hiyo ofisa wa viza alitakiwa kujua kwamba sikuficha kitu. Lakini alitaka kiapo changu, nieleze kosa lilivyoingia.

Mama mdogo, ninayeishi naye Magomeni, alinisindikiza kwa wakili wa viapo, ghorofani, Mtaa wa Msimbazi. Kwenye ngazi akaniambia, "Sema hukusoma. Umepewa, umesaini. Basi."

Nilimwamkia wakili shikamoo.

"Marahaba. Kabla ya kusaini, uliisoma fomu?"

Nikamgeukia mama mdogo.

"Kijana, hiki ni kiapo. Ukisema uongo hapa, ni kesi nyingine, na hiyo ni yako peke yako."

"Niliona," nikasema.

"Ee Mungu wangu," mama mdogo akasema.

"Sasa mbona ulinyamaza?" wakili akauliza.

"Niliogopa watu. Walikuwa wananicheka."

Wakili akaacha kuandika, akanitazama. "Niandike hivyo hivyo?"

Nilitaka kusema hapana. "Andika," nikasema.

Jioni mama alipiga simu. Nilimwambia mwenyewe, kabla mama mdogo hajaanza.

"Uliona?" akauliza.

"Niliona, mama."

Akakata simu.

Kiapo kimeshatumwa, jaji bado hajaamua. Simu ya kutoka kule ikiita, nampa mama mdogo apokee, mimi natoka kusimama uani mpaka aniite.